Mizani na Kuku wa Bibi

Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka Ibaba kuruka kiunzi juu ya mgongo wa farasi katika mashindano. Sisemi kwa kubahatisha. Nimeuliza wazee, nimeuliza wachungaji, nimeuliza hata watu wa upande wa Malawi ng'ambo ya mto, na hakuna aliyenitajia mwingine. Ileje nzima haina farasi. Nilipokuwa mdogo farasi nilimjua kwenye picha ya shule ya Jumapili, akivuta gari la Farao kuelekea baharini, na hata huyo alikuwa anazama.

Diploma yangu nimeitundika sebuleni juu ya televisheni, ili mgeni akitazama taarifa ya habari aione bila kuonyeshwa. Ni diploma ya utunzaji na ufundishaji wa farasi. Nilijilipia mwenyewe, kwa mshahara wa kuzoa mavi ya farasi hao hao niliokuwa nasomea. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mbunge aliyeniandikia barua. Vikombe vyangu viko kwenye kabati la vioo, na kila Jumamosi navifuta vumbi mimi mwenyewe, kwa sababu msaidizi wa nyumbani hajui kipi kilipatikana wapi. Nayasema haya mapema kwa kuwa habari ninayotaka kusimulia haihusu vikombe, na sitaki msomaji afike mwisho akidhani nilikuwa mtu wa hovyo.

Nilizaliwa mdogo nikabaki mdogo. Kwetu milimani kijana hupimwa kwa mzigo wa viazi anaoweza kupanda nao kilima bila kupumzika, na mimi nilipumzika sana. Nilipomaliza kidato cha nne nilishuka Tunduma, kama kila mtu wa kwetu anayetafuta maisha, nikaomba kazi ya kupakua magunia kwenye maghala ya mahindi. Kiongozi wa makuli alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mdogo wangu," akasema, "gunia likikulalia hapa tutakutambua kwa viatu."

Wenzake walicheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimeumia. Siku ile ile nikavuka mpaka kwenda Nakonde. Dereva mmoja wa lori alikuwa anatafuta mtu wa kumpigisha soga njiani asisinzie, nikampigisha soga mpaka koo likakauka, na mwisho wa safari ile akaniacha kwenye shamba kubwa la mahindi na tumbaku, mbali huko kusini, lililokuwa linaajiri vibarua wa msimu.

Kwenye shamba lile kulikuwa na farasi.

Wenye mashamba wa eneo lile, Wazungu waliozaliwa huko huko, walikuwa wameanzisha mbio zao wenyewe wakati wa kiangazi. Walipanga magogo na matawi kwenye uwanja wa nyasi, wakachimba na mtaro wa maji, na farasi walitakiwa kuruka vyote hivyo kwa kasi mpaka mwisho. Mwanzoni walipanda vijana wao. Vijana wakahamia ng'ambo, wakabaki wazee wenye vitambi. Ndipo wakatugeukia sisi tuliokuwa tunafagia mabanda. Kazi ya joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, haikuwepo pale kabla yetu, sisi ndio tulioianza, na mimi nilikuwa kati ya wale wa mwanzo kabisa kupandishwa.

Walinipandisha kwa sababu ya farasi mmoja mweusi aliyekuwa na tabia ya kuuma. Wenzangu walimwogopa. Mimi nilikuwa nimechekwa na makuli wa Tunduma, sikuona cha kuogopa zaidi. Mara ya kwanza aliniangusha kwenye mtaro wa maji mbele ya watu wote. Mara ya pili tukafika wa tatu. Baada ya hapo, kwa misimu kadhaa, ilikuwa ni habari ya mji mzima tukishindwa.

Nikuambie kitu ambacho diploma haifundishi. Kiunzi kinapokuja hukitazami. Unatazama kule utakakotua. Farasi anahisi macho yako yalipo kupitia mikono na mapaja, na ukikitazama kiunzi, naye atakitazama, na mtaishia hapo. Halafu kuna ule muda mdogo anapoiacha ardhi, ambapo kwato zote zinanyamaza. Mtu aliyezaliwa mdogo, aliyechekwa maghalani, akiwa juu kule katika ukimya ule, haoni mtu mrefu kuliko yeye duniani.

Gharama yake ilikuwa mizani.

Kabla ya kila mbio, joki alipanda na tandiko lake kwenye mizani ile ile waliyopimia marobota ya tumbaku. Kila farasi alipangiwa uzito wa kubeba, na joki akizidi, tandiko linahamia kwa mwingine. Mimi nilikuwa mdogo, lakini hata mdogo hunenepa akila mara tatu kwa siku. Kwa hiyo sikula. Nilikunywa chai kavu isiyo na sukari. Nilikimbia mashambani nimevaa koti la mvua juani. Nilikaa ndani ya bani la kukaushia tumbaku moto ukiwaka, jasho likinitiririka mpaka miguuni, na kichwa kikiuma kwa ile harufu kali ya majani. Na pale nilipolazimika kula mbele za watu, niliondoka kimya kimya baadaye, nikaingiza kidole kooni, nikakirudisha chakula chote.

Majoki wote tulifanya hivyo na hatukuliongelea. Kati yetu haikuwa aibu. Aibu ilikuja nilipokumbuka nyumbani. Nimezaliwa na watu ambao mwezi wa pili, ghala likiwa tupu, walihesabu magunzi. Mtoto wao alikuwa anamwaga ugali porini kwa hiari yake. Nikipiga simu Ibaba nilisema, "Huku tunakula vizuri sana." Niliwatumia video nikiruka. Sikuwatumia nyingine yoyote.

Mchumba nilimpata Nakonde. Alikuwa anavusha mchele na dagaa, anajua bei ya kwacha kabla ya wabadilisha fedha wenyewe, na aliponitazama mara ya kwanza hakuangalia juu ya kichwa changu kama kuna mwingine nyuma yangu. Kwao ni Tunduma, mtaa wa pembeni ambako malori yanayosubiri kuvuka hupanga foleni. Wazazi wake walishafariki. Alilelewa na bibi yake, mama wa baba yake, ambaye kila alfajiri alikaanga maandazi na kuyauza kwa madereva na matingo wao. Kwa maandazi hayo alimsomesha.

Nikapanga kwenda kujitambulisha kwao. Siku pekee iliyowafaa wazee ilikuwa Jumamosi ya wiki moja kabla ya mbio kubwa za mwisho wa msimu. Nilikuwa nimepangiwa yule mweusi, na mwenye shamba alikuwa ameniahidi kwamba tukishinda nitakuwa mkufunzi wa farasi wake wote, na nyumba yangu mwenyewe, ya matofali. Tayari nilikuwa nimeshaingia kwenye njaa ya mwisho. Mdomo ulikuwa umekauka na suruali nimeifunga kwa kamba ndani ya mkanda.

Nilikwenda na kaka yangu mkubwa kama mshenga, mtu mrefu, mwenye mabega ya viazi. Baba mkubwa wa mchumba wangu, msemaji wa familia, alitoka nje akamkumbatia kaka.

"Karibu sana mkwe wetu! Tumekusubiri."

"Mzee, mimi mshenga tu," kaka akasema. "Mwenye shughuli ni huyu."

Baba mkubwa akanitazama, kisha akatazama barabarani kama kuna mwingine anashuka kwenye bodaboda. "Huyu?"

"Huyo huyo. Mnyama anayempanda ana uzito wa pikapu iliyojaa viazi."

"Na mnyama mwenyewe anajua kwamba amepandwa?"

Watu walicheka. Sauti ikatoka ndani, "Mwacheni mume wangu! Yule wa kwanza alikuwa mrefu, kagonga kila mlango wa nyumba hii mpaka anakufa. Huyu angalau atapita."

Ndivyo nilivyomfahamu bibi, kwa utani ule wa mabibi kwa waume wa wajukuu wao. Alitoka akanishika mkono, nikamwamkia. Alikuwa na macho mekundu, ya mtu aliyeishi na moshi wa mafuta na kuni maisha yake yote.

Kisha chakula kikaja. Kuku mzima kwenye sinia, amekaangwa, na firigisi imewekwa juu, kwa sababu firigisi ni ya mkwe. Jogoo yule, mchumba wangu alinieleza, bibi alimfuga tangu siku aliposikia habari zangu, na kila aliyetaka kumnunua aliambiwa ana mwenyewe. Kando yake mlima wa ugali. Kwa kawaida za pale mkwe hurudisha sinia ikiwa na mifupa. Wanawake jikoni husoma mifupa ile. Nyama ikirudi, maana yake umewadharau, au kuna kitu unakiogopa.

"Kula, mume wangu," bibi akasema. "Nisione mnofu jikoni kwangu."

Nikala. Nilimmaliza kuku yule kama mtu aliyetoka jela, nao wakashangilia, na baba mkubwa akapiga goti lake: "Kumbe nafasi anayo!" Kwa muda ule nilikuwa shujaa wao. Lakini huku natabasamu nilikuwa nahesabu tumboni kile ambacho mizani ingekisema. Nikaomba kwenda uani.

Nyuma ya choo kulikuwa na migomba, kisha ua wa mabati. Nikainama pale, nikafanya nilichozoea kufanya. Sikujua kwamba upande wa pili jirani alikuwa anaanika nguo, na kwamba mabati yale yalikuwa na tundu.

"Jamani!" akapiga kelele. "Mkwe wenu anatapika huku!"

Walikuja wote. Mchumba wangu, kaka, baba mkubwa, na bibi akiwa bado ameshika upawa. Kila kitu alichokipika kilikuwa pale chini mbele yake.

"Nini tena, mume wangu?"

Ningeweza kusema. Ningesema tu: bibi, kuku wako ni mtamu, nimejitapisha mwenyewe, kazi yangu inataka hivyo. Lakini nilikuwa yule wa kwenye video, msomi kutoka ng'ambo, mshindi wa vikombe, na kidole changu kilikuwa bado kimelowa. Nikakificha nyuma.

"Tumbo tu, bibi. Limechafuka ghafla."

"Limechafuliwa na nini?" jirani akauliza kupitia tundu lake.

Mchumba wangu aliniletea maji, kaka akasema mambo ya safari na joto, na jioni tukaagana kwa heshima. Kesho yake nilivuka na kupanda basi. Niliona nimefanikiwa.

Simu ya kwanza iliingia nikiwa kwenye bani la tumbaku. Nilitoka nje nikitiririka jasho.

"Ulikuwa unaumwa?" mchumba wangu akauliza.

"Hapana. Kwa nini?"

"Jana bibi amerudi na beseni zima la maandazi. Hata matingo wamepita kama hawamwoni."

Nikasema watarudi, ni siku moja tu. Kesho yake akapiga tena. Watu walikuwa wanasema kwamba bibi hakutaka mjukuu wake achukuliwe kwenda ng'ambo, akamwekea kitu mkwe kwenye kuku. Kwamba nilipona kwa sababu nilitapika mapema. Wengine walikuwa wanaongelea macho yake. Ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea sala ya jumuiya, na bibi alishafagia, ametandika mikeka, ameazima viti, akakaa mlangoni na Biblia. Wanawake wa jumuiya wakapita na vitenge vyao, wakaenda kusali kwa yule jirani wa mabati.

"Alikaa pale mpaka wakamaliza kuimba," mchumba wangu akasema. "Anasikia nyimbo, anaitikia peke yake."

Wewe msomaji unayefahamu mikoa yetu huhitaji kuelezwa. Bibi mwenye macho mekundu, anayekaa bila mume, akishapewa jina lile, maneno hayabaki maneno.

"Nitawaeleza," nikasema. "Mbio zikiisha tu, nakuja kuwaeleza wote."

"Mbio zikiisha bibi atakuwa ameshakuwa mchawi."

"Ni siku chache."

"Kwani kuna nini cha kueleza? Sema sasa hivi, niwaambie."

Nikakata simu. Ingebidi nimwambie na yeye pia, na nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikarudi ndani ya bani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye moto. Huo ndio ukweli wenyewe. Nilijua, na nikarudi kutoa jasho.

Kilichonitoa mle ni ujumbe wa sauti. Ulitoka kwenye simu ya mchumba wangu lakini sauti ilikuwa ya bibi, anaongea kwa nguvu kama watu wasioamini simu.

"Mgeni wetu, shikamoo… hapana, marahaba. Mimi ni bibi yako huyu. Nimeangalia, nafikiri ni mafuta. Nilikuwa nimeyakaangia maandazi asubuhi, nikayatumia tena. Sikufikiri. Nimeyamwaga yote, na kikaango nimemwambia mtoto akitupe. Unisamehe, mgeni wetu. Sikukuwekea kitu."

Mgeni wetu. Hakuniita mume wake. Na alikuwa ametafuta kosa kwenye jiko lake mpaka akalipata, mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Nilikwenda kwa mwenye shamba nikiwa bado na harufu ya tumbaku, nikamwomba ruhusa. Alikuwa anakagua kwato za yule mweusi.

"Mbio ni Jumamosi," akasema.

"Nitarudi Ijumaa usiku."

"Rudi mwepesi basi. Ukirudi mzito sina la kufanya."

Nilifika Tunduma na kuku mkononi, niliyemnunua hai pale pale mpakani, anapiga mabawa kwenye bodaboda. Mchumba wangu alinipokea mlangoni bila kunisalimu. Nilimweleza yeye kwanza, tukiwa tumesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kila tulipokula pamoja Nakonde," akasema, "wali wangu, samaki wangu…"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Mara nyingi."

Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, akamchukua yule kuku mkononi mwangu, akasema, "Ingia. Ukamwambie yeye."

Niliomba aitwe baba mkubwa, waitwe wanawake wa jumuiya, na jirani wa mabati nikamfuata mimi mwenyewe. Walikuja. Walikaa upande mmoja wa chumba, karibu na mlango. Bibi alikuwa kwenye kigoda mwisho kabisa, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeitwa kusomewa kesi.

Nimeongea mbele ya watu wengi maishani. Nimepokea vikombe nikatoa shukrani kwa Kiingereza. Siku ile nilianza mara mbili.

"Bibi hakuniwekea kitu," nikasema. "Nilijitapisha mwenyewe. Kwa kidole."

Jirani akadakia, "Kwa kidole? Kwa nini?"

"Ili niwe mwepesi. Kazi yangu tunapimwa kwenye mizani."

"Si farasi ndiye anayekimbia?" mama mmoja akauliza. "Wewe ukiwa mzito inakuhusu nini?"

"Yeye ndiye anayenibeba, mama."

"Mnyama mkubwa kama yule ashindwe na kuku mmoja?"

Wengine walicheka. Mmoja hakucheka, mama mzee mwenye kitenge kilichochakaa. Alisema polepole, bila hasira, "Sisi tunatafuta chakula cha kuwapa watoto. Mwenzetu anakila, anakitapika." Nilisimama pale na viatu vyangu vizuri vya ngozi nikatamani kuwa chini ya gunia la yule kuli.

"Una ugonjwa?" baba mkubwa akauliza.

"Sina."

"Una hakika?"

"Sina, mzee. Nina ujinga tu."

"Basi utakula hapa, mbele yetu, na hutaenda uani."

Bibi alikataa kupika. Alisema hapikii tena mtu kuku, wapike vijana. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji nikamwomba. Nikamwambia sitakula kilichopikwa na mwingine. Alizungusha ncha ya kanga kidoleni. Mwishowe akainuka, akamwambia mjukuu wake, "Kachukue kikaango kwa jirani. Changu si mnakijua kilipo." Na jirani, sitamnyima haki yake, alikimbia mwenyewe kukileta.

Alipoleta sinia, firigisi ilikuwa juu yake kama mara ya kwanza. Akaiweka mbele yangu. Kisha, mbele ya wanawake wote, akanyoosha mkono akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akainua kwenda mdomoni mwake. Kila mtu pale alifahamu. Ni desturi kwa anayeshukiwa: aonje kwanza, ili mlaji ajue hakuna kitu. Mchuzi ulikuwa unadondokea kanga yake.

Nilimshika kiganja. "Usionje, bibi."

"Niache, mgeni. Waone."

"Wataona mimi nikila."

Nikalitoa lile tonge mkononi mwake, nikalila. Kisha nikala firigisi. Kisha nikala kila kitu.

Nataka kusema nilikula kwa huzuni, maana ingependeza. Lakini miaka ile yote sikuwa nimekula mlo nikijua utabaki. Katikati ya kuku yule mwili wangu uliamka. Nililamba vidole. Niliparuza sinia kwa ukoko wa ugali, na kabla sijajizuia nilisema, "Umebaki mwingine?" Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Machozi yalikuwa yananitoka na mdomo umejaa, na nilikuwa naona haya kiasi cha kushindwa kuinua uso, haya ya mtoto aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu. Jirani ndiye aliyenipakulia. Walikaa nami mpaka chakula kilipotulia. Kila nilipoinuka, baba mkubwa naye aliinuka. Nilipoomba kwenda choo alinisindikiza, akasimama nje, akawa ananisemesha kupitia mlango: "Mkwe, upo?"

"Nipo, mzee."

"Kinakaa?"

"Kinakaa."

Kabla hawajaondoka, yule mama wa kitenge kilichochakaa alianzisha wimbo, wakasali pale pale, kwenye mikeka ya bibi.

Jumamosi nilipanda kwenye mizani ya tumbaku na tandiko mkononi. Mwenye shamba alisoma. Alilichukua tandiko mikononi mwangu kwa upole na kumpa mwenzangu wa banda la pili. Nilisimama kwenye kamba kama mtazamaji yeyote. Walipokaribia mtaro wa maji niliomba yule mweusi agome. Alikuwa farasi wangu, nilimpenda, na nikamwombea aanguke. Akaruka vizuri kuliko alivyowahi kuruka chini yangu, akashinda.

Nilijaribu kurudi. Nilikaa njaa, nilikaa kwenye bani, lakini kidole kilifika mdomoni kikakwama. Kila nilipoinama nilisikia ile sauti ya bibi kwenye simu ikiniambia ni mafuta. Bila kidole, mwili wangu ulijipangia uzito wake, na kiangazi kilichofuata nilikuwa nimesharudi nyumbani.

Sikurudi mikono mitupu. Nina duka la dawa za mifugo hapa Tunduma, na ukiuliza mtaani watakuonyesha bila kusita. Wafugaji wa Ivuna hunipigia simu punda wao wa kubeba chumvi wakichechemea, kwa kuwa ninajua kwato kuliko mtu yeyote mkoa huu. Mchumba alikubali kuwa mke wangu, baada ya kuniweka kwenye uangalizi wa muda mrefu mezani. Nina kitambi. Baba mkubwa hukipapasa kila tukikutana.

Na bibi amerudi kuniita mume wake. Maandazi yake yanaisha kabla jua halijapanda. Jirani ndiye mteja wake wa kwanza. Ukipita mtaa ule utasema hakuna kilichowahi kutokea.

Ila huwa anaonja. Hakuwa na tabia hiyo zamani, mke wangu anasema. Sasa hampi mtu kitu bila kukionja kwanza, akiwa amemtazama usoni. Dereva akinunua andazi, bibi anamega kipande cha jingine, anakila. Akimimina chai ya mgeni, anapiga funda. Juzi tulimpelekea mtoto wetu mdogo, aliyeanza tu kula uji. Aliupoza ule uji, akautia kijikoni, akaupeleka mdomoni mwake kwanza, akameza, akanitazama mimi, akangoja. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni salama. Ndipo akampa mtoto.